MGENI ALIOGOPA FISI, SISI TULIOGOPA MJUSI

Lalago ni mji mdogo katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Ukitoka Maswa kwenda Mwanhuzi katika Wilaya ya Meatu, unapita hapo. Zamani tulikuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012.

Tunalima pamba, mtama, mahindi na viazi vitamu. Tunafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Upande wa mashariki, mbele ya mashamba ya wenzetu wa Meatu, liko Pori la Akiba la Maswa. Ng'ambo ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Pori halina ukuta, na mnyama hajui mpaka wa wilaya.

Mwaka 2013 tulipata mgeni. Alikuwa kijana wa miaka 19 kutoka Ujerumani. Alikuja kwa kujitolea. Maana ya kujitolea ni kwamba hakulipwa mshahara. Alipewa chakula, nyumba ya kulala na pesa kidogo za matumizi. Kazi yake ilikuwa kusaidia walimu kufundisha hisabati. Nyumba yake ilikuwa karibu na kwangu, tukitenganishwa na uzio wa manyara tu. Kwa hiyo mengi ninayoyaeleza hapa niliyaona kwa macho yangu.

Vijana wa namna hii si jambo jipya nchini kwetu. Mwaka 1961, kabla kidogo ya Uhuru, kundi la kwanza la vijana wa Kimarekani wa Peace Corps lilikuja Tanganyika. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi wa barabara na wataalamu wa miamba. Vijana wa Kijapani wa kujitolea walianza kuja mwaka 1967. Baadaye walikuja wengine kutoka nchi nyingi. Wote walikuta kazi, na wote walikuta wanyama.

USIKU WA KWANZA

Usiku wa kwanza mgeni wetu hakulala. Asubuhi alikuja kwangu macho mekundu. Alikuwa amejifunza salamu moja tu ya Kisukuma. Akasema, "Mwangaluka, baba." Nikamwitikia. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Nani alicheka usiku?"

Mke wangu alicheka mpaka akaweka chini ndoo ya maji. Aliyecheka usiku alikuwa fisi. Sisi tunamwita mbiti. Kwetu sauti yake ni kama sauti ya jogoo, tumeizoea tangu utotoni. Lakini kijana huyu alizaliwa katika nchi ambayo fisi yuko ndani ya uzio wa chuma, na watu hulipa kiingilio kumtazama. Aliposikia kicheko kile nyuma ya nyumba, alisukuma meza mlangoni akakaa juu yake mpaka kukapambazuka.

Nilimweleza kwamba fisi hacheki kwa furaha. Hutoa sauti ile anapoogopa, au anapogombania nyama na wenzake. Jamii ya fisi huongozwa na majike, na jike ni mkubwa kuliko dume. Meno yake huvunja mfupa wa ng'ombe. Ndiyo maana kinyesi chake hukauka kikawa cheupe kama chokaa. Ni mifupa ile aliyosaga tumboni. Fisi wa Serengeti huweza kutembea makumi ya kilomita kwa usiku mmoja akifuata nyumbu, kisha akarudi kwa watoto wake.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba fisi wa usiku si wa porini, bali ni fisi wa mtu. Wanasema ana mwenyewe anayempanda kama punda. Maneno hayo yamewaponza wazee wengi, hasa akina mama wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Mimi nimekaa na fisi maisha yangu yote. Kila nilipofuata nyayo zake asubuhi zilinipeleka kwenye mzoga, au kwenye zizi lenye miiba mibovu. Hazikunipeleka kwenye nyumba ya mtu yeyote.

Hata hivyo fisi si wa kudharauliwa. Katika mikoa yetu ya Shinyanga na Simiyu fisi wamewahi kuua watoto. Usilale nje wakati wa joto. Usimtume mtoto peke yake dukani gizani. Mzoga wa ng'ombe au mbwa ufukiwe mbali na nyumba, tena shimo liwe refu. Ukiuacha uwanjani umemwandikia fisi barua ya kumwalika.

MJUSI UKUTANI

Juma la pili tulicheka sisi, juma la tatu akacheka yeye.

Mke wangu aliingia nyumbani kwa mgeni kumpelekea viazi. Aliona mjusi ukutani, yule mdogo mweupe anayetembea juu ya dari kichwa chini. Wengine humwita mjusi kafiri. Mama akachukua ufagio. Mgeni akamshika mkono, akasema, "Hapana, mama, huyu ni rafiki yangu. Anakula mbu."

Sisi tulilelewa tukiambiwa kwamba mjusi huyu ana sumu. Tuliambiwa akianguka kwenye chungu, watu wote wa nyumba watakufa. Kinyonga naye tuliambiwa ni mkosi, na akikugusa ngozi itaoza. Mgeni alimchukua kinyonga kwenye uzio wa manyara akamweka begani. Watoto walikimbia wakipiga kelele. Kesho yake walirudi kutazama kama ngozi yake imeoza. Haikuoza.

Ukweli ni kwamba mjusi wa ukutani hana sumu, na kinyonga hana sumu. Wote wawili hula wadudu. Mjusi mmoja hula wadudu wengi kwa usiku mmoja, wakiwemo mbu. Chakula kikiingiwa na mjusi kimwagwe kwa sababu ya uchafu, kama ambavyo ungekimwaga kikiingiwa na mende.

Basi tulikuwa hivyo. Mgeni alimwogopa fisi aliye nje ya mlango uliofungwa. Sisi tulimwogopa mjusi anayetulinda na malaria. Na sote, yeye na sisi, tulipita kila jioni bila taa kwenye njia ya kisimani, miguu ikiwa ndani ya kandambili.

JIONI YA MOMA

Ilikuwa mwezi wa Machi, baada ya mvua. Majani yalikuwa marefu hata njia ilikuwa haionekani vizuri. Mgeni alirudi kutoka kisimani na dumu lake saa moja kasoro. Nyuma yake, labda hatua hamsini, alikuwa anakuja mtoto wa jirani yangu, msichana wa miaka tisa. Tukasikia amepiga ukelele.

Alikuwa ameumwa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nyoka alikuwa bado pale pale njiani, mnene, mfupi, ana alama kama mishale mgongoni. Alikuwa moma. Wengine humwita kifutu. Nyoka wengine wakisikia mshindo wa miguu hukimbia. Moma hakimbii. Hulala kimya njiani, rangi yake kama majani makavu na udongo, na jioni hupenda mahali penye joto. Ukimkanyaga au ukipita karibu mno anauma. Mgeni wetu alikuwa amepita pale pale dakika chache tu. Baadaye, aliporudi na tochi kutazama, alikuta nyayo za kandambili zake zimepita kando ya alama ya nyoka, kama shibiri mbili. Alikaa chini.

Lakini nieleze kwanza tulivyofanya sisi watu wazima. Nitasema kweli ingawa kunanitia aibu.

Baba wa mtoto alikimbilia jembe ili amwue nyoka. Mgeni naye aliokota fimbo akamfuata. Hao wawili nusura waumwe. Mimi nilivua kamba ya suruali yangu nikaanza kuufunga mguu wa mtoto kwa nguvu zangu zote. Mzee mmoja alikuwa ameshapata wembe. Mwingine alitumwa kuleta jiwe jeusi.

Aliyetuokoa ni mama mmoja jirani, muuguzi mstaafu. Alikuja na kanga moja kiunoni, hata viatu hakuvaa. Alinipiga kofi mkononi mbele ya watu. "Fungua hiyo kamba, baba! Unataka mguu ukatwe?" Akamnyang'anya mzee wembe akautupa manyarani. Akamlaza mtoto chini, akamwambia kwa sauti ya upole asijitikise. Akamvua shanga za mguuni na bangili kabla uvimbe haujaanza. Akaomba vipande viwili vya mti na kanga. Akaufunga mguu kama anavyofungwa mtu aliyevunjika mfupa, kwa kulegeza, damu ipite, lakini mguu usicheze.

Jiwe jeusi lilipofika alilisukuma kando. Mzee aliyelileta alikasirika. Alisema jiwe hilo lilimponya yeye mwenyewe ujanani. Muuguzi akamjibu, "Shikamoo, baba. Tutaongea kesho. Leo mtoto anakwenda hospitali."

Kesho yake waliongea kweli, na mimi nilikuwapo. Jiwe jeusi si jiwe. Ni kipande cha mfupa, mara nyingi wa ng'ombe, kilichochomwa. Hunata kwenye jeraha kwa sababu ni kikavu na kinanyonya unyevu. Weka kwenye ulimi wako litanata vile vile. Wataalamu wamelijaribu kwa wanyama waliotiwa sumu ya nyoka, na halikuwasaidia. Sasa mbona mzee alipona? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Tena hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo atapona hata ukimwekea kipande cha gunzi. Lakini aliyepata sumu nyingi hufa jiwe likiwa limenata, na saa za kumpeleka hospitali zimepotea.

Kufunga kamba kwa nguvu ni vibaya kwa sababu nyama ya mguu hukosa damu ikaoza. Sumu ya moma yenyewe huozesha nyama, na kamba huongeza ubaya huo. Kuchanja kwa wembe ni vibaya kwa sababu sumu ya moma huweza kuifanya damu isigande, na jeraha la wembe likavuja bila kukoma. Kunyonya kwa mdomo hakutoi sumu. Kuchoma kwa moto kunaleta kidonda cha pili. Na kumkimbiza nyoka kunaleta mgonjwa wa pili, kama ilivyotaka kutokea kwetu. Mtazame tu ulivyoweza, umbo na rangi, ili ukamweleze daktari.

Usafiri ulikuwa pikipiki. Dereva alikaa mbele, mtoto katikati, mama yake nyuma akimkumbatia ili asianguke hata akizimia. Muuguzi alipiga simu mbele kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, maana si kila zahanati inayo. Dawa hiyo huwekwa mahali pa baridi na bei yake si ndogo. Aliambiwa wampeleke hospitali ya wilaya moja kwa moja.

Tulikaa uwanjani mpaka usiku wa manane tukingojea simu. Mgeni alikaa nasi. Hakusema neno. Fisi alicheka mara mbili upande wa mbugani, na kijana hakugeuza hata kichwa.

Mtoto alipona. Mguu ulivimba mpaka gotini, na kidonda kilichukua miezi miwili. Leo anatembea sawasawa, ana alama nyeusi tu pale kifundoni. Wengine hawana bahati hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani hufa kwa kuumwa na nyoka. Wengi wao ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini, watu kama sisi. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa.

Baada ya siku ile wanaume wa mtaa wetu tulifyeka njia ya kisimani pande zote mbili. Mgeni alimwandikia mama yake, na mama yake akatuma tochi nne. Alinunua mabuti ya mpira mnadani, akayavaa hata siku za jua kali, na wanafunzi wakamcheka. Lakini jembe likiwa mkononi shambani, buti ni kitu chema kwa mtu yeyote. Nilinunua yangu msimu uliofuata, baada ya kuuza pamba.

Nyoka mwingine wa kwetu ni swila, yule anayeinua kichwa na kutanua shingo. Yuko swila anayetema sumu machoni. Ukitemewa usisugue. Osha macho kwa maji mengi safi, endelea kuosha kwa muda mrefu, kisha nenda zahanati. Na ulalapo, chomeka chandarua chini ya godoro au mkeka pande zote. Chandarua tulipewa kwa ajili ya mbu, lakini nyoka na nge nao hawapiti.

MTU ALIYEUAWA NA TAI

Siku moja nilimwuliza mgeni kwa nini alichagua kuja kwetu na si nchi nyingine. Alisema ni kwa sababu ya filamu ya zamani sana aliyoonyeshwa shuleni. Filamu hiyo ilihusu Serengeti, jirani yetu. Nami niliposikia habari zake nikaona zinafaa kuandikwa hapa.

Palikuwa na bwana mmoja aitwaye Bernhard Grzimek. Alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt, Ujerumani. Yeye na mwanawe Michael walikuja Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950 kuhesabu wanyama. Hapo zamani hakuna aliyejua nyumbu ni wangapi, wala wanapita njia gani. Baba na mwana walijifunza kuendesha ndege. Ndege yao waliipaka mistari kama punda milia. Waliruka chini chini juu ya mbuga wakihesabu.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa angani peke yake. Ndege yake iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa. Alikuwa na miaka 24. Hakuuawa na simba wala kifaru, bali ndege mla mizoga aliyekuwa akizunguka angani kama kawaida yake. Alizikwa Ngorongoro, juu ukingoni mwa bonde. Baba yake alimaliza kitabu na filamu ile. Alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakazikwa kando ya mwanawe.

Mwingine ni kijana wa Peace Corps aliyekuwa akifundisha Ethiopia. Mwaka 1966 alikwenda na wenzake kuogelea katika mto Baro, huko Gambela. Mamba alimchukua. Mgeni wetu alisema kwamba kabla ya kuja walifundishwa jambo moja: ukifika mahali pageni, usiingie majini mpaka uone wenyeji wanaingia wapi na wanakwepa wapi.

BWEHA MCHANA KWEUPE

Hili nalo lilitokea kabla mgeni hajaondoka, na ndilo ninalotaka kila mwenye mbwa alisome mara mbili.

Siku ya Jumamosi bweha aliingia uwanjani kwetu saa nne asubuhi. Bweha ni mwoga. Kwa kawaida huja usiku kuiba kuku. Huyu alikuja jua likiwaka, akatembea katikati ya watu kwa kuyumba kama mlevi. Vijana walifurahi. Mmoja alisema amefugwa. Walianza kumtupia vijiti.

Safari hii aliyepiga kelele ni mgeni. "Mwacheni! Ondokeni! Mgonjwa!" Kabla hajaja nchini alichomwa sindano za kichaa cha mbwa, na alikuwa ameelezwa dalili zake. Mnyama wa porini akiacha kumwogopa mtu, usidhani amekupenda. Ameharibika akili.

Kijana mmoja aliumwa mkononi. Kidonda kilikuwa kidogo kama alama ya mwiba. Alitaka kukifuta na jani aendelee na kazi. Hapo sasa tulikuwa tumeshajifunza kumwita mama muuguzi. Aliamuru maji na sabuni. Kijana alioshwa kidonda dakika 15 kwa saa, maji yakitiririka, sabuni ikipakwa tena na tena. Alilalamika kwamba tunamchubua. Kisha alipelekwa hospitali akaanza sindano. Sindano hizo haziishii siku moja. Mtu hurudi kwa siku anazopangiwa mpaka amalize, hata kama kidonda kimeshapona.

Kichaa cha mbwa kina tabia hii: baada ya kuumwa, mtu hukaa majuma au miezi bila dalili yoyote. Katika muda huo sindano humwokoa. Lakini dalili zikishaanza, akaogopa maji na kuchanganyikiwa, karibu hapana anayepona. Duniani inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu. Karibu wote waliumwa na mbwa, si bweha. Bweha, fisi na nguchiro nao huweza kuupata na kuuleta. Ng'ombe aliyeumwa naye huugua, na nyama yake isiliwe.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa. Walitetemeka, wakaanguka. Karibu theluthi moja ya simba wote wa Serengeti walikufa, inakadiriwa simba 1,000. Haikuwa kichaa cha mbwa. Ilikuwa maradhi mengine ya mbwa, yaitwayo distempa, na wataalamu walitambua kwamba yalitokana na mbwa wa vijijini. Kwa hiyo usiseme kwamba wanyama wa porini ndio wanaotuletea maradhi tu. Mbwa wangu na wako walimwua simba bila kumgusa. Tangu hapo mbwa wa vijiji vingi vinavyoizunguka Serengeti wamechanjwa, na chanjo hiyo inawalinda watu, ng'ombe na simba kwa pamoja. Tangazo la chanjo likipita kijijini, usimfungie mbwa wako nyumbani kwa kuogopa kwamba sindano itamfanya asiwe mkali. Atabweka kama jana.

Bweha yule alikutwa amekufa chini ya mbuyu kesho yake. Tulimchoma moto, tukiwa tumevaa mifuko ya nailoni mikononi.

TEMBO NA MWENYE SHAMBA

Mgeni alikuwa na hamu moja iliyobaki, kumwona tembo. Tulisafiri pamoja mpaka kijiji kimoja cha Meatu karibu na pori, kwa shemeji yangu. Tulifika tukakuta tembo wamepita usiku. Mtama wa ekari mbili ulikuwa umelala chini kama umepigwa na mvua ya mawe. Tembo mmoja mkubwa huweza kula kilo 150 za chakula kwa siku, na anachokikanyaga ni zaidi ya anachokila.

Mgeni alisema, "Kwetu watu hulipa pesa nyingi kumwona tembo."

Shemeji yangu akamjibu, "Mimi ningelipa ili asije."

Hata hivyo alimkaribisha vizuri, akamwonyesha kamba aliyozungushia shamba lake jingine. Ilikuwa na vitambaa vilivyopakwa pilipili iliyosagwa na oili chafu. Pua ya tembo ni kali, na pilipili inamuudhi. Wengine hutundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba, maana tembo huogopa nyuki, na mwenye shamba hupata asali. Shemeji alisema njia hizi husaidia lakini hazimalizi. Tembo ana akili, akishazoea jambo moja inabidi ubadilishe. Usiku watu hukesha kwa zamu wakiwa na tochi na madebe, mbali, wala hawamkaribii mwenye mtoto.

Kisha alitueleza habari ya fomu. Kanuni za mwaka 2011 zinasema kwamba mtu aliyeharibiwa mazao na mnyama mkali hupewa kifuta jasho. Aliyeumizwa, au jamaa wa aliyeuawa, hupewa kifuta machozi. Si fidia kamili, na shemeji alilisema hilo kwa uchungu. Lakini hutolewa kwa anayetoa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisa wa wanyamapori, shamba likaja kupimwa kabla nyayo hazijafutika. Mwaka wa kwanza alichelewa kwa sababu hakujua kusoma tangazo lililobandikwa ofisini. Alihesabu hasara yake kwa vidole, akanyamaza. Mwaka wa pili alikuwa ameshahudhuria kisomo cha watu wazima. Alijaza fomu yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa kubwa, na alituonyesha nakala yake aliyoihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kupigia kura.

Jioni ile tembo hawakurudi. Mgeni alikaa juu ya mkokoteni akitazama porini mpaka giza likaingia. Alirudi Lalago bila kumwona tembo hata mmoja.

Aliondoka mwezi wa Julai, wakati wa kuvuna pamba. Alituachia tochi mbili, na yale mabuti alimpa baba wa msichana aliyeumwa na moma. Nyumba yake sasa anakaa mwalimu mwingine, mwenyeji wa Bariadi. Wiki aliyohamia, mke wa mwalimu alishika ufagio kumwondoa mjusi ukutani. Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Mwache, mayu," akamwambia. "Huyo alikuwa hapa kabla yako."